Nimtoe binti shule ya serikali nimfundishe mwenyewe nyumbani?

Mama Zuu: Wakubwa shikamooni. Binti yangu yuko darasa la tatu shule ya serikali huku Mbagala. Ada hakuna, nashukuru, ila dawati moja wanabanana wanne, na kwa vile wanaingia kwa zamu, saa sita mchana keshatoka. Juzi nafungua daftari la hisabati: 36 gawanya kwa 4 kaandika 8, na kapigiwa vema! Mwalimu simlaumu, lile rundo la madaftari nimeliona kwa macho yangu. Mimi nashonea nyumbani, kidato cha sita nimemaliza, na vitabu vya Taasisi ya Elimu viko mtandaoni bure. Baba yake anasema naiga Wazungu. Kuna aliyewahi kumtoa mtoto kabisa?

ChakiNyeupe: Marahaba. Mimi ni mwalimu wa msingi, mstaafu. Kufundisha utaweza, mama, sina shaka. Utakwama kwenye mtihani. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne, na anayesajili mtahiniwa ni shule, kwa namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi. Huwezi kumshika mtoto mkono ukaenda naye Baraza la Mitihani ukasema huyu nimemsomesha sebuleni. Mtihani wa kumaliza msingi vivyo hivyo. Watakuja hapa wa kukwambia "atafanya QT". Huo Mtihani wa Maarifa ni wa anayetaka kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, si wa katoto ka darasa la tatu. Na sheria inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie. Mtendaji akibisha hodi utamwambia nini? Saa sita anatoka, si ndiyo? Basi mchana mzima ni wako. Jina libaki shuleni, mwaga vifungo vyako mezani, agawe mafungu manne mwenyewe.

Bonge la Kimara: Na kombolela atacheza na cherehani?

Mpangaji2: Mwalimu kasema kweli kwa mtaala wetu. Wapo wanaosomesha nyumbani mtaala wa Cambridge, mtoto akafanya IGCSE, mtihani wao wa ngazi ya kidato cha nne, kwa kujisajili kupitia British Council, kisha vyeti vinapelekwa Baraza kulinganishwa. Ila kila somo linalipiwa, na si hela ya kushona sare. Jirani yangu kapita njia hiyo. Watoto wana akili, Kiingereza kinatiririka, lakini ukiwapa barua ya Kiswahili waandike, wanakutolea macho.

Mama Zuu: Bonge, mtaa wetu watoto ni wengi kuliko kuku, atacheza tu 😂 Mwalimu, hilo la kusajiliwa sikulijua, limenimaliza. Namwacha shuleni. Sasa mchana nianze na kugawanya au turudi kwenye tebo?

ChakiNyeupe: Kabla ya tebo, mpe aya moja ya kitabu cha Kiswahili asome kwa sauti, wewe endelea kushona huku unasikiliza. Akikwama kwama, hesabu za maneno zitampiga chenga kila siku hata tebo aikariri yote. Akisoma vizuri, anza na tebo ya nne.