Mpira wa meza kwenye kiti cha magurudumu: binti wa Malindi aanzie wapi?

Baba_Barani
Assalaam alaykum. Hapa Malindi kuna binti wa miaka 16 anayetumia kiti cha magurudumu. Mikono yote miwili iko sawa, ila kiuno hakimshiki vizuri. Anacheza na wanaosimama na wengi anawafunga, lakini akisevewa (akianzishiwa) mpira mfupi wa pembeni, hoi. Kila siku ni Bhavina Patel, Bhavina Patel, yule Mhindi anayecheza kwenye kiti. Wajuzi, tumfunze nini kwanza? Meza tumechongewa na seremala, kiti ni kile cha hospitali.

Kata_Mpira
Waalaykum salaam. Hiyo sevu inayomtesa, kwa mchezaji wa kiti haihesabiwi. Katika mechi ya mmoja kwa mmoja, sevu lazima itoke nje kwa kupita mstari wa mwisho wa meza, upande wa anayesevewa. Ikidunda upande huo kisha ikatokea ubavuni, au ikarudi kuelekea wavuni, au ikafia mezani, inarudiwa. Lakini akishaupiga kabla haujavuka mstari wa ubavu au kabla haujadunda mara ya pili, basi mchezo unaendelea. Ndipo wengi wanapoponzwa: wanaurukia mpira ambao wangeuacha tu. Mfunzeni kuacha.

Sasa, sheria hiyo inaishia kwenye sevu. Baada ya hapo pembeni ni ruksa, mfupi ni ruksa, na mchezo wote wa kiti umejengwa juu ya pengo hilo. Asevu ndefu, yenye mkato mzito, ielekee kwenye kiwiko cha mpinzani, cha mkono wenye bati (raketi). Mpinzani aliyeketi hana pa kukwepea, atarudisha kibubu, mpira usio na nguvu. Mpira wa tatu, yaani pigo la binti baada ya sevu yake kurudishwa, ndio wa kumalizia: ama mfupi nyuma tu ya wavu, ama pembe kali ubavuni. Mtu asiye na nguvu ya kiuno akishainama mbele, hujiinua kwa kusukuma kwa mkono ule mwingine, na mpira unaofuata unamkuta bado amelala. Kwa hiyo na binti naye azoeshwe kurudi wima haraka, mkono wa pili ukiwa kwenye gurudumu au pajani. Akigusa meza kwa mkono wowote kabla ya kupiga, pointi imekwenda. Baada ya kupiga anaweza kuiegemea ajiweke sawa, mradi meza isisogee.

Kucheza na wanaosimama kunamwongezea kasi, sikatai, ila wao humsevia mipira isiyokuwepo kwenye mashindano yake. Wekeni sharti wamsevie kwa sheria ya kiti.

fundi_wa_Shela
Kiti cha hospitali kina mambo mawili mabaya: mihimili ya mikono inazuia kiwiko, na sehemu za kuwekea miguu zimechomoza mbele mno, zinagonga miguu ya meza. Kama mihimili inachomoka, ichomoeni. Mto unaruhusiwa, hata miwili, ila kimo chote kisizidi sentimita 15. Msimfunge mkanda wowote juu ya magoti, hilo linataka kibali cha kitabibu kilichoandikwa kwenye kadi yake ya daraja, yaani kundi analopangiwa kwa kiwango cha ulemavu. Mguu ukigusa sakafu mpira ukichezwa, pointi ya mpinzani.

Tairi: msinunue ya baiskeli kwa kuona imeandikwa 24. Rimu za viti vingi vya inchi 24 ni milimita 540, za baiskeli za mlima za inchi 24 ni 507. Haiingii hata uivute vipi. Someni namba ndogo ubavuni mwa tairi. Vigurudumu vya mbele hujaa nywele, nyuzi na mchanga, na kwa chumvi ya hapa beringi zisizofunikwa haziendi mbali. Visafisheni kila wiki.

Meza: mita 2.74 kwa 1.525, kimo sentimita 76, wavu 15.25. Miguu yake iwe ndani angalau sentimita 40 kutoka mstari wa mwisho, na seremala asiweke ubao wa kukaza chini, magoti yatagonga. Angusheni mpira kutoka sentimita 30, unatakiwa udunde hadi kama 23, na iwe hivyo meza nzima. Ukifa katikati, ubao umenyonya unyevu. Na fungeni madirisha ya baharini. Mpira una gramu 2.7, kusi ikivuma mnafundisha upepo.

Nusu_Fainali
Kuhusu Bhavina: yeye ni daraja la 4. Madaraja ya kiti ni 1 hadi 5. Huyo wenu kwa maelezo ni la 3 au la 4, kinachoyatenga ni nguvu ya kiuno, lakini msikisie. Daraja hutolewa na wapimaji rasmi kwenye mashindano ya kimataifa, na ripoti ya daktari lazima iwepo. Anzeni kuikusanya leo.

Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, 2021, Bhavina alifungwa mechi yake ya kwanza 3–0 na Zhou Ying wa China. Akatoka kwenye kundi hata hivyo, akamfunga Borislava Perić-Ranković wa Serbia, bingwa wa Rio 2016, 3–0, kisha Zhang Miao 3–2. Fainali akakutana tena na Zhou Ying, akapata medali ya fedha. Mwaka 2022 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Birmingham, fainali dhidi ya Ifechukwude Ikpeoyi wa Nigeria. Upande wa wanaume mwaka huo dhahabu ilikwenda kwa Nasiru Sule, Mnigeria. Afrika ipo, tena Wanigeria ndio wa kuwatazama kwa makini.

Baba_Barani
Mungu awalipe. Bati lake limechakaa. Kuna anayemshauri atie raba ya vipele virefu, ni sawa?

Kata_Mpira
Baadaye, upande wa bekhendi tu (wa kupigia kwa mgongo wa mkono). Vipele virefu hupunguza kasi na kumrudishia mpinzani mzunguko wake mwenyewe, ndiyo maana wengi wa kiti huvitumia. Ila asiyejua kuusoma mzunguko hatajua mwenyewe ametuma nini. Kwa sasa raba laini, isiyo na vipele juu, pande zote mbili, sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8, nyeusi huku na nyekundu huku. Gundi iwe ya maji, na kwa unyevu wa Malindi ngojeni hadi weupe wake uishe kabisa kabla ya kubandika. Mkibandika ikiwa bado nyeupe, itafanya mapovu katikati.