Kazi ya kulinda kasa Malindi, niendelee ama nihame?

Wadau naombeni ushauri. Niko Malindi, najitolea na shirika moja la kulinda kasa, usiku tunapiga doria ufuoni na tukikuta kiota kiko chini sana tunahamisha mayai juu kabla maji ya bamvua hayajayafikia, na mayai yenyewe hayataki kugeuzwa wala kutikiswa, halafu mnangoja kama siku 60 hivi ndio watoto watoke. Kazi naipenda wallahi. Shida posho ni ya nauli tu, kandarasi kila nikiuliza naambiwa wafadhili bado. Ami yangu mvuvi ananiona msaliti (na kasa akinasa kwenye jarife lake ananipigia mimi!). Sasa nimeitwa hotelini Watamu. Mliopitia haya mashirika, kandarasi huwa inakuja kweli? Niwaandikie barua kwanza ama nihame tu?