Demo ya Metroid Dread kwa aliyezoea Fusion: stiki, EMMI na silaha ya Omega

Kadutu2D (Bukavu)

Jambo wakubwa. Swali hili ni la wale wanaomfuata Samus, shujaa wa michezo ya Metroid, tangu Game Boy Advance.

Demo ya bure ya Metroid Dread kwenye Switch inakupa mwanzo wa mchezo: sayari ZDR, eneo la Artaria, nishati 99 na makombora 15. Mwendo ni mzuri mno. Kitufe ZL kinakuteleza chini ya upenyo bila kupunguza mbio, na pigo la kujibu la kitufe X linatoka hata ukiwa unakimbia. Kwenye Samus Returns ya 3DS (2017) ilibidi usimame kwanza, na ndicho kilichokuwa kinakata mwendo kila adui akitokea. Picha zinapita 60 kwa sekunde hata ukichezea mkononi, na kioo kidogo hakifichi kitu: maji, mvuke, vumbi la mawe kule nyuma, vyote vinaonekana.

Yananishinda mawili. La kwanza, Samus anaendeshwa kwa stiki tu, vile vitufe vya msalaba havimtembezi. Vidole vilivyolelewa na Metroid Fusion ya Game Boy Advance vinataka msalaba. Kulenga huru, yaani kushika L na kuzungusha stiki, kunaniponyoka, risasi zinapita juu ya adui.

La pili ni EMMI, yule roboti anayekuwinda. Akinishika nabonyeza X palepale mwanga unapong'aa, nakufa. Nikichelewesha kidogo, nakufa. Muda wake hasa ni upi? Na ukiipenda SA-X, yule adui anayekuwinda kwenye Fusion, huyu EMMI anafikia hofu ile?

Ndosho_Pikseli (Goma)

Yaya, usitafute muda mmoja, haupo. Unapewa nafasi mbili: anapokukamata na kukubana, halafu ile sindano inapoushukia uso wako. Mwanga hung'aa kabla ya kila moja, lakini muda kati ya kukamatwa na mwanga unabadilika kila mara. Wameufanya hivyo kusudi mtu asikariri. Anayebonyeza kwa kuhesabu moyoni anakufa. Toa kidole kwenye X, angalia mwanga tu, bonyeza mara moja. Kubonyeza mfululizo kunakuharibia, kwa sababu bonyezo la mapema linakula nafasi yako.

Ukifaulu, EMMI anapigwa na butwaa kwa sekunde chache. Usimpige risasi, silaha za kawaida na makombora havimwingii. Teleza chini ya miguu yake kwa ZL na ukimbie.

Lakini hesabu kukamatwa kuwa umeshakufa, na pigo la kujibu kuwa bahati. Kazi ni kutokamatwa. Taa yake ikiwa ya bluu anazunguka tu. Ya njano, amesikia kitu: risasi yako, mbio zako, kishindo cha kutua. Ya nyekundu, amekuona, na hapo milango ya kutokea kwenye eneo lake inajifunga mpaka umpoteze. Wengi wanakosea hapa: wanakimbilia mlango walioingilia, wanaukuta umefungwa, wanabanwa kwenye kona. Panda juu, zunguka, mkate macho. Ukifa unarudishwa nje ya mlango wa eneo lake, hupotezi safari nzima, kwa hiyo jaribu njia mpya kila mara.

Kadutu2D

Aksanti mukubwa. Na ile silaha ya Omega, ya kumwua EMMI? Namlenga usoni, anafika kabla sijamaliza.

Ndosho_Pikseli

Unasimama karibu mno. Nguvu ya Omega unaipata kwa kuliua lile jicho kubwa, Central Unit. Jicho lenyewe lipige kwa makombora. Ukikaribia kuishiwa, piga vile viduara vinavyokurukia, vinaachia nishati na makombora.

Ukishaipata, usimfuate EMMI. Fungua ramani, tafuta korido ndefu iliyonyooka au ukumbi mpana, simama mwisho wake, acha aje. Ukishika L kamera inashuka nyuma ya bega la Samus, na ndipo unaona uso wa EMMI una sahani ya chuma. Mimina risasi za mfululizo palepale bila kuacha. Sahani inapata joto na kuwa nyekundu, na ukiacha kupiga inapoa tena. Hilo ndilo linalokuangusha: unapiga nusu, unaogopa, unakimbia, unarudi kuanza upya.

Sahani ikishavunjika, hiyo haijirudishi. Kimbia, mpoteze, tafuta korido nyingine, kisha ujaze chaji mpaka mwisho na kuiachia. Ukiwa unajaza huwezi kutembea, kwa hiyo umbali ndio uhai wako. Yule EMMI mbovu wa mwanzo kabisa ni wa mafunzo tu, wengine hawatakusubiri hivyo.

FundiKatuba (Lubumbashi)

Mimi nashika lile la stiki. Kabla ya kulaumu vidole, pima maneti (kidhibiti cha mchezo). Nenda mipangilio ya mashine, sehemu ya maneti na sensa, chagua kusawazisha stiki. Ukiiachia stiki, alama irudi katikati na kutulia. Ikitetemeka au kuvutwa upande, ni ugonjwa unaojulikana wa Joy-Con, zile maneti za pembeni za Switch: njia za kaboni ndani zimelika, au vumbi limeingia. Kwenye mchezo mwingine usingejua. Kwenye Dread, L ikishikwa, mvuto mdogo tu unahamisha mstari wa kulenga.

Anza na dawa ndogo. Zima mashine, inua ule mpira mweusi chini ya stiki, weka tone moja au mawili ya alkoli safi ya isopropili, zungusha stiki, acha ikauke kabisa, kisha usawazishe. Usitumie manukato wala mafuta. Ikirudi baada ya siku chache, badilisha stiki yenyewe. Nyuma ya Joy-Con kuna skrubu nne zinazotaka bisibisi ya pembe tatu, saizi Y00. Ukilazimisha ya kawaida unasaga vichwa na hutatoa tena. Fungua polepole kama kitabu, maana nyaya nyembamba zinaunganisha pande mbili. Chomoa betri kwanza. Stiki inashikwa na skrubu mbili na utepe mmoja, na kifungio cha utepe huo kinainuliwa kwa ukucha, hakivutwi. Mwenye Switch Lite ana kazi zaidi, stiki iko ndani ya mashine yenyewe.

Nguba_Ziwani (Bukavu)

Kwa wanaotaka kuipakua: ukurasa wa demo unaonyesha ukubwa kabla hujabonyeza, angalia kwanza mega zako zilizobaki. Ukitumia mtandao wa simu, zima masasisho ya otomatiki kwenye mipangilio, la sivyo michezo mingine itakula kifurushi kabla ya demo kuisha. Kurant (umeme) ikikatika na modemu ikazima, upakuaji unaendelea pale ulipoishia.

Chaja ya simu ya 5V inachaji, lakini ya ampea 1 haitoshi kuchezea wakati huohuo, asilimia zinashuka huku imechomekwa. Bora uilaze mashine. Kwa chaja yake yenyewe inajaa kwa saa 3 hivi.

Mchezo kamili ulitoka tarehe 8 Oktoba 2021 kwa dola 59,99. Kadi haina mipaka ya nchi, hata iliyonunuliwa Kampala au Dubai inaingia, na Kifaransa kimo.

Ndosho_Pikseli

Nilisahau la SA-X. Kule Fusion (2002) anatokea pale mchezo ulipopanga atokee. Ukishalijua eneo unajua na saa yake. EMMI yuko huru ndani ya eneo lake, anakuja na upande ambao hukuutegemea. Yoshio Sakamoto, mtayarishaji wa Metroid, na kikosi chake walilijaribu wazo hili mara mbili enzi za Nintendo DS wakaliacha, kwa kuwa mashine ilikuwa haiwezi. Ukisimama kimya kwenye korido ukamsikia anapiga milio huku humwoni, unaelewa walichokuwa wanasubiri. Kwangu anamzidi SA-X. Ninachokosa ni ule upweke wa Fusion kati ya vitisho. Hapa EMMI akitoka kichwani, maeneo mengine yanapita haraka.

Na angalia ramani: sehemu inayometa taratibu ina kitu kilichofichwa. Kwenye mchezo kamili tangi dogo linaongeza makombora 2, kubwa 10. Usipite tu.

Kadutu2D

Nimesawazisha. Alama ilikuwa inavutwa kushoto, kidogo tu, lakini ilikuwa inavutwa. Sasa risasi zinaenda ninakolenga. FundiKatuba, stiki za kubadilisha huko Lubumbashi mnazipata zipi: zile zenye njia za kaboni, au za sumaku?