Nairobi hadi New York: kilomita ngapi?

*Neema:* Shikamooni. Natafuta umbali wa Nairobi hadi New York. Huku naona 7,350, kule 11,830, pengine 6,390. Nimpe Shangazi anayesafiri ipi?

*Mjomba Salim:* Marahaba. Zote sawa, vipimo ndivyo tofauti. 11,830 ni kilomita, 7,350 maili za kawaida, 6,390 maili za baharini wanazotumia marubani. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, zidisha uone.

*Baba Zawadi:* Na hiyo ni uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, hadi ule wa New York, JFK. Wakipima katikati ya jiji, tarakimu za mwisho zitabadilika.

*Neema:* Ndege si hukimbia 900 kwa saa? Hapo ni saa 13 na kidogo. Mbona tiketi yasema 15?

*Mjomba Salim:* Saa za tiketi huanza ndege ikiachana na geti, huisha ikifika geti la huko. Kutambaa chini na kupanda vyote vimo. Kubwa zaidi ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma kutoka magharibi, nao wanaukabili. Ukiwapunguzia kilomita 60 kwa wastani, 900 inakuwa 840, na safari tayari ni saa 14. Kurudi upepo unawasukuma.

*Baba Zawadi:* Tena ile 11,830 ni njia fupi kabisa, ndege haiifuati sawasawa. Ramani ya ukutani inadanganya, utadhani wanakatiza Kongo. Vuta uzi juu ya tufe: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko, ndipo bahari. Nchi moja ikifunga anga, kama Niger Agosti 2023, ni kuzunguka.

*Zawadi:* Kwa nini ndege inaondoka usiku?

*Mjomba Salim:* Sababu mojawapo ni baridi. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Mabawa na injini zote zinapoteza nguvu. Kenya Airways ilipoanza safari hii Oktoba 2018 ilitaja tani 85 za mafuta kila upande. Uzito ukizidi, mafuta hayaguswi, mizigo ndiyo inayoachwa. JFK iko karibu na usawa wa bahari, hawana taabu hiyo.

*Mama Karisa:* Hesabu zenu nzuri, lakini Juma ampokee Shangazi kule saa ngapi?

*Baba Zawadi:* Shemeji, tuseme tiketi ina 23:30, yaani saa tano na nusu usiku. Ongeza 15, huku itakuwa saa nane na nusu mchana kesho yake. Toa 7, kule ni saa moja na nusu asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi ya pili ya Machi toa 8.

*Mama Karisa:* Anasafiri Januari.

*Baba Zawadi:* Basi inatua saa kumi na mbili na nusu. Juma asikimbilie kulipia maegesho mapema, kuna foleni ya uhamiaji na mabegi.