Tupeane uzoefu: kinda wa ndege amekutwa chini, kioo kinagongwa kila asubuhi. Tufanyeje?

Mlinzi wa Viota
Wakuu, msimu wa kutaga ukifika maswali ni yale yale. Kinda yuko chini ya mti, arudishwe au aachwe? Akiguswa, mama atamkataa? Mbona ndege anapigana na dirisha? Tukusanye hapa yanayofanya kazi kwa vitendo.

Naanza na kinda, maana hapo ndipo huruma inapoua wengi. Tazama manyoya kabla ya kunyoosha mkono. Aliye uchi, au ambaye manyoya yake bado yamo ndani ya ala na hayajachanua, huyo ameanguka kabla ya wakati wake: mrudishe kiotani. Aliyefunikwa manyoya mwili mzima, mkia mfupi, anarukaruka na miguu yake inashika tawi, huyo ametoka mwenyewe. Ndege wengi wadogo wanaoimba hutoka kiotani wakiwa na siku 10 hadi 14 hivi, kabla hawajajua kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwaletea chakula hapo chini. Ukimbeba huyo nyumbani umemwiba. Kama yuko njiani au kuna paka, msogeze mita chache tu hadi kichakani, wazazi wabaki wanamsikia.

Mama Njiwa
Umemaliza. Niongeze tu kwamba njiwa wana mahesabu mengine. Kinda wa njiwa hukaa kiotani karibu mwezi mzima, kwa hiyo akiwa bado ana nyuzinyuzi za njano kichwani na yuko chini, mjue ana shida.

Kipanga Mkavu
Mkuu Mlinzi, hilo la kurudisha silikubali. Mkono wa mtu una harufu. Mama akinusa tu, kiota kinahamwa. Wazee wamelisema hilo tangu zamani.

Mlinzi wa Viota
Ndugu Kipanga, wazee waliona kiota kimehamwa, na kweli vinahamwa. Sababu si harufu, ni usumbufu. Ndege akiwa anajenga, au ndiyo kwanza ametaga, ukienda kuchungulia mara kwa mara anahesabu kwamba mahali hapo pamejulikana, anaacha na kuanza kwingine. Makinda wakishaanguliwa amewekeza sana kwao, hawaachi kwa urahisi. Mguse, mrudishe, ondoka haraka.

Kipanga Mkavu
Basi tukubaliane: asiye na sababu asikisogelee kiota. Hapo wazee hawakukosea.

Mlinzi wa Viota
Hapo tuko pamoja.

Bundi wa Usiku
Jamani, mmepita haraka kwenye jambo linaloua kuliko kuanguka kwenyewe: MAJI.

Mtu anamkuta kinda amelegea, anachukua bomba la sindano au kijiko, anamdondoshea maji mdomoni. Tundu la hewa la ndege liko pale kwenye shina la ulimi, liko wazi, na kinda dhaifu hawezi kulifunga kwa wakati. Maji yanakwenda mapafuni. Utamwona anapiga chafya, anatikisa kichwa, mapovu yanatokea puani, kisha anapumua kwa mdomo wazi huku mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Ukishaona mkia unapiga hivyo, hali ni mbaya sana. Na yote hayo kwa kitu asichohitaji, kwani makinda wengi hupata maji yao kwenye wadudu wanaolishwa.

Maziwa nayo yaacheni, ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, anaharisha na kukauka. Mkate unajaza tumbo bila kujenga mfupa.

Fanya hivi. Boksi la karatasi ngumu lenye mfuniko, toboa matundu madogo ubavuni, ufanye hivyo kabla ndege hajaingia. Chini tandika kitambaa kisicho na nyuzi zilizolegea, vidole vinanasa. Chupa ya maji ya uvuguvugu, izungushie taulo, iweke upande mmoja tu wa boksi ili akiona joto limezidi ajisogeze. Funika, weka mahali penye giza na kimya. Usimchungulie kila baada ya dakika tano, usimpapase. Kwa mtu papasa ni mapenzi, kwa ndege wa porini ni kukamatwa na mwindaji. Usitumie kizimba cha waya, atavunja manyoya ya mbawa akihangaika.

Chozi
Na kiota chenyewe kikiwa kimeanguka?

Bundi wa Usiku
Kikapu kidogo, au bakuli la plastiki lililotobolewa chini mvua ipite. Weka nyasi kavu, si mbichi, mbichi hukaa na unyevu na kumpoza. Kifunge imara kwenye mti ule ule, karibu iwezekanavyo na pale pa zamani, pasipopigwa na jua la mchana. Kisha kaa mbali na utazame kwa saa moja au mbili. Ukisimama karibu, wazazi hawatashuka, halafu utasema wamemkataa kumbe wanakuogopa wewe.

Teleka
Mimi nina jambo la kekeo, yule ndege anayetaga kwenye viota vya ndege wengine (hao wenye kiota nawaita wenyeji), naomba tulijadili. Unakuta kiota kidogo kina kinda mmoja tu, amekijaza chote, ni mkubwa kuliko mama anayemlisha. Mayai ya wenyeji yako chini, yamepasuka.

Kwa kekeo wa Ulaya mambo huenda hivi. Jike anavizia wenyeji watoke, anatoa yai lao moja, anataga lake kwa sekunde 10 hivi, anaondoka na harudi tena. Yai lake mara nyingi huanguliwa kabla ya mengine. Kinda huyo, uchi, kipofu, hana hata siku mbili, anajipenyeza chini ya yai la mwenyeji, analipakia kwenye kibonyeo cha mgongo wake, anapanda ukuta wa kiota kinyumenyume na kulibwaga nje. Moja baada ya jingine, mpaka abaki peke yake. Makinda wa wenyeji wakiwa wameshaanguliwa, nao huwatupa vivyo hivyo. Na mama yao anaweza kuwa amesimama hapo hapo ukingoni, anatazama, haingilii.

Mama Njiwa
Mungu wangu. Anatazama tu?

Fundi Vioo
Mtoeni huyo mwizi, swali gani tena?

Teleka
Mama, ndiyo. Kinachomwongoza mzazi ni mdomo wazi na kelele za kuomba chakula ndani ya kiota. Kilicho nje ya kiota kwake hakipo. Na kinda wa kekeo analia kwa kasi inayofanana na kelele za kiota kizima cha makinda, ndiyo maana mama mdogo analeta chakula cha kutosha watoto wengi.

Kipanga Mkavu
Fundi yuko sahihi, atolewe.

Mlinzi wa Viota
Hapana, asitolewe. Mayai yameshavunjika, ukimtoa humrudishii mwenyeji chochote. Kekeo naye ni ndege wa porini, na katika nchi nyingi sheria inalinda kiota chenye mayai au makinda bila kuuliza nani kataga. Tena wenyeji wana silaha zao: wapo wanaolitambua yai la kigeni na kulitupa, wengine huhama na kutaga upya. Vita hivyo ni vyao.

Fundi Vioo
Siafiki, ila turudi kwenye dirisha, maana uzi umetekwa.

Kuna mambo mawili na watu wanayachanganya. Ndege anayegonga kioo kwa kasi na kuanguka hakioni kioo, anaona miti na anga vinavyoakisiwa. Ndege anayedonoa dirisha lile lile kila asubuhi anajiona, anadhani ni dume mwingine kaingia eneo lake. Huyo wa pili atatulia msimu wa kuzaliana ukipita, lakini kwa sasa funika kioo KWA NJE kwa gazeti, kitambaa au povu la sabuni lililokauka. Pazia la ndani halisaidii, linaweza hata kuongeza mwakisiko. Kioo cha pembeni cha gari kivishe soksi.

Kwa wanaogonga: bandika stika au chora vitone kwa nje, nafasi kati ya kimoja na kingine isizidi sentimita 5, kioo kizima.

Kipanga Mkavu
Stika moja ya mwewe inatosha.

Fundi Vioo
Haitoshi. Mwewe asiyesogea ndege anamzoea, anapita pembeni yake na kugonga palipobaki wazi. Na kibao cha kuwawekea ndege chakula kiwe chini ya mita 1 kutoka dirishani, asipate kasi ya kujiumiza, au zaidi ya mita 10.

Teleka
Ndege mwenye mbawa ndefu kama mundu na miguu mifupi mno, akikutwa chini usimrushe hewani. Akiwa ameumia ataanguka mara ya pili. Mlaze kwenye kiganja kilicho wazi, uwanja ulio tupu, aamue mwenyewe. Asiporuka, boksi, kisha mtaalamu.

Bundi wa Usiku
Aliyeshikwa na paka apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, hata kama huoni jeraha. Meno ya paka yana bakteria, na tundu dogo lisiloonekana humuua ndege kwa siku 2 au 3 asipopata antibiotiki. Vaeni glovu, nawa kwa sabuni.

Chozi
La mwisho. Yai moja peke yake kiotani, baridi, mama hayupo tangu asubuhi. Limekufa?

Mlinzi wa Viota
Si lazima. Ndege wengi wadogo hutaga yai moja kwa siku, na huanza kuatamia yanapokaribia kutimia, ili makinda waanguliwe pamoja. Kabla ya hapo yai hukaa baridi na halidhuriki. Usiliguse, usirudi leo. Kesho pita kwa mbali. Ukiona mawili, mama yuko kazini.