Tunaenda Malawi wanne na mabegi mgongoni, siku 10, hela tuziwekeje?

Kibuyu_Dom
Wakuu habari za saa hizi. Tuko wanne, tulisoma chuo pamoja, watatu tunaishi hapa Dom na mmoja yuko Singida. Mwezi ujao tunaenda Malawi kwa mabasi, begi mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Tumeandika hivi: Dom, Iringa, Mbeya, Kasumulu, Karonga, Livingstonia, Nkhata Bay, Lilongwe alafu tumalizie na mlima Mulanje turudi.

Ila kinachonisumbua sio njia, njia tutauliza. Ni hela. Mwaka juzi tulienda kuona michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, siku mbili tu, tukarudi hatusalimiani. Mmoja (tumuite Tajiri) kila tukifika anataka chumba chake peke yake chenye feni na soda baridi, mwingine hata chai ya mia tatu anaihesabu, na mimi ndo nilikuwa nalipa kwanza "tutakurudishia" na mpaka leo nadai elfu 38. Sa je tuweke mfuko mmoja au kila mtu abebe msalaba wake? Na huko mtu anatembea na nini, shilingi, kwacha au dola?

BintiMpwapwa
Kaka kwanza ondoa Mulanje. Hiyo nchi ni ndefu, toka Karonga mpaka Mulanje unaimaliza yote kwa urefu, zaidi ya kilomita 800, na kileleni pale Sapitwa ni mita 3,002, mlima wa siku tatu ukitaka kuupanda kwa raha. Wenyeji wenyewe wanasema hilo jina maana yake "usiende", we unalazimisha nini na siku zako 10 ambazo siku mbili zinaishia kwenye kiti cha basi kabla hata hujavuka.

Kaeni kaskazini. Pale Chitimba mnashuka, mnapanda Livingstonia kwa mguu, ile barabara ya vumbi ina kona 20 za kugeukiana, magoti yatalia ila juu unaliona ziwa lote na maporomoko ya Manchewe yako karibu. Wamisionari wa Kiskoti walihamia kule juu 1894 mana chini ziwani malaria iliwamaliza, wakianzia Cape Maclear kisha Bandawe. Kwa hiyo na nyie bebeni neti, msijifanye mmezoea mbu wa Dom.

Kuhusu hela, sisi tulienda watano na hatukugombana, kwa sababu moja tu: mfuko ulikuwa mmoja na alishika mchoyo. Sio mwenye roho nzuri, mchoyo. Huyo wenu anayehesabu chai ndo mweka hazina wenu, Mungu amewapa bure. Mfuko unalipa nauli, maji, ugali (wao wanaita nsima) na kitanda cha bei ya chini kabisa mahali mtakapolala. Anayetaka feni aongezee ya kwake mfukoni. Na kila usiku kabla ya kulala hesabu isomwe kwa sauti wote mkiwepo, hata kama mmechoka, mana deni likilala siku tatu linageuka kuwa tabia ya mtu.

Suka_Mstaafu
Nimepita hiyo njia miaka na miaka. Binti kasema vizuri, mi naongezea ya mpakani.

Pale Kasumulu mkishuka tu mtazungukwa na vijana wa kubadilisha hela, kila mmoja ndugu yako. Noti kubwa ya kwacha ni 5,000 kwa hiyo ukibadilisha laki mbili unapewa bunda, na bunda ndo ugonjwa wenyewe, noti zinakunjwa katikati unahesabu moja mara mbili. Badilisheni kidogo tu ya kuwafikisha Karonga, mmoja ahesabu, wengine wawe wanaangalia mabegi sio wanaangalia hela. Dola chache zifichwe, za dharura. Na msiamini bei za mtu aliyeenda zamani, Novemba 2023 walishusha kwacha yao, dola ikaruka toka 1,180 mpaka 1,700, sa mtu anakwambia gesti ni bei fulani kumbe anakuhadithia historia.

Viza Mtanzania hahitaji, ni SADC. Ila nyote muwe na pasipoti au hati ya dharura toka uhamiaji hapo hapo Dodoma, msiende kuombana huruma dirishani. Kadi ya homa ya manjano pia bebeni.

Lingine watu hawaliwazi: saa. Wao wako nyuma yetu saa moja. Kwenda unapata saa ya bure, kurudi unanyang'anywa. Wakati wa kurudi uko Songwe, upande wao wa mpaka, saa kumi na moja jioni unajiona umewahi, ukivuka daraja ni saa kumi na mbili, giza linaingia na Kosta za kwenda Mbeya zimepungua. Mi nililala kwenye benchi la mama ntilie kwa ajili ya hiyo saa moja. Alafu petroli huwa inaadimika kwao, acheni siku moja ya akiba.

Mzee_wa_Mlenda
Vijana bana. Matema ya hapo Kyela hamjafika, ziwa ni lile lile, ugali ule ule, mnaenda kulipia kwacha.

Kibuyu_Dom
Mzee Matema tutafika tukiwa na wajukuu 😂

BintiMpwapwa
Mzee shikamoo, ila ukiwa Karonga utajiona uko Kyela kweli, Wangonde na Wanyakyusa wanaongea wanaelewana, na Kiswahili kinapita. Ukishuka Mzuzu ndo unajua umetoka nje, Kitumbuka, ukipewa kitu sema "yewo". Na jamani lile ziwa wakiwa kwao ni Ziwa Malawi, msianze ubishi wa Nyasa ndani ya minibasi saa mbili usiku.

Nkhata Bay mtaoga tu najua. Kichocho kipo ziwani humo, mkirudi subirini wiki kadhaa mkapime, msipuuze hata kama hamuumwi.

Kibuyu_Dom
Nimewatumia wenzangu huu mjadala wote kwenye grupu. Mulanje imekufa, tunaishia Nkhata Bay. Tajiri kanuna nusu saa alafu kakubali ya kuongezea feni yake. Wa chai kapokea uhazina, na hajamaliza dakika kumi kaandika sheria ya kwanza: hakuna anayeingia kwenye mfuko na deni la Kolo.

Elfu 38 yangu imeingia kwenye simu sa hivi. Kwa usahihi ni elfu 37 na mia tano, Tajiri anasema mia tano alininunulia karanga pale stendi ya Kondoa. Mweka hazina anasema risiti iko wapi.

Suka_Mstaafu
Huyo huyo. Msimbadilishe.