Hotirodi ya vipuri vya magari tofauti: fedha kidogo niliyonayo ianzie wapi?

SWALI

Ndugu wapenzi wa magari ya kale, salamu kwenu nyote.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikusanya vipuri kimoja kimoja, kila nilipokutana na mtu anayetaka kusafisha banda lake, na sasa ninavyo vya kutosha kujidanganya kwamba nina hotirodi, yaani gari la kale lililoundwa upya kwa injini yenye nguvu zaidi. Bodi ni ya Ford Model A ya mwaka 1930, ya milango miwili, ambayo sakafu yake imeliwa na kutu lakini nguzo za milango bado ni nzima. Fremu ni ya Model A ya mwaka 1929. Ekseli zote mbili, pamoja na breki zake za mafuta, zimetoka kwenye Ford ya mwaka 1940, na ile ya nyuma bado ina propela yake (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli) iliyofungwa ndani ya bomba. Injini ni Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 283, iliyovuliwa kwenye gari lililogongwa, na geji za dashibodi ni za lori la Chevrolet la mwanzoni mwa miaka ya 1950. Giaboksi bado sina.

Fundi anayenisaidia anashauri tuifungue injini kwanza, tuipe pistoni na beringi mpya, kisha mengine yafuate, kwa hoja kwamba gari bila injini ni toroli. Mimi nasita, kwa sababu nikishamaliza fedha kwenye injini itanibidi nisubiri muda mrefu kabla ya kugusa kitu kingine. Je, mliowahi kuunganisha gari la namna hii mlianzia wapi, na ni wapi fedha ilipotea bila ninyi kutarajia?

JIBU LA KWANZA

Ndugu, kusita kwako kuna msingi. Injini iwe kitu cha mwisho kutengenezwa, ingawa lazima iwe kitu cha kwanza kuwekwa mahali pake. Ondoa kila kinachoondoka, ubaki na bloku tupu ambayo watu wawili wanaweza kuinyanyua, uipandishe kwenye fremu juu ya vipande vya mbao, uweke bodi na rejeta, halafu ufunge matairi ya kipimo kilekile utakachotumia gari likikamilika. Gari likiwa limesimama hivyo, bila bolti hata moja ya kudumu, zunguka ukiwa na futi mkononi.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kufanya kinyume chake. Nilichomelea vishikio vya injini nikiwa na furaha kubwa, nikavipaka rangi, na siku ya kufunga distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ndipo nilipogundua kwamba haina pa kukaa. Kwenye V8 hizi ndogo za Chevrolet distribyuta iko nyuma kabisa ya injini, na kwenye Model A ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva uko karibu mno. Nikisukuma injini mbele, pampu ya maji inagusa rejeta. Nikiirudisha nyuma, kofia ya distribyuta inagonga ukuta. Nilikata vishikio vyote na kuanza upya, kisha nikakata ukuta wenyewe na kuutengenezea shimo la kuingia ndani. Kazi hiyo ingekuwa ya asubuhi moja kama ningeipima kabla ya kuchomelea.

Kuhusu fremu, usiiamini kama ilivyo. Ilitengenezwa kubeba injini ya nguvu farasi 40, na yako ina nguvu zaidi ya mara nne ya hiyo. Vyuma vyake vya pembeni viko wazi upande wa ndani, kwa hiyo vizibwe kwa bamba ili viwe kama sanduku, na mchomeleaji aruke huku na huku kwa vipande vifupi, maana akishuka na mshono mmoja mrefu joto litaipinda fremu.

JIBU LA PILI

Naunga mkono yaliyosemwa, ila jambo ambalo lingenikosesha usingizi kama gari lingekuwa langu ni lile bomba la propela.

Kwenye Ford za miaka hiyo bomba hilo halikuwekwa kuficha propela tu. Gari linapoondoka, msukumo wa magurudumu ya nyuma hupita ndani ya bomba hadi mwisho wa giaboksi, na kutoka hapo kwenye vishikio vya injini na fremu. Yaani, bomba ndilo linalolisukuma gari. Springi ya nyuma ni moja tu, imelazwa kwa upana wa gari na kuning'inizwa kwa vipingili vinavyocheza, hivyo haina uwezo wa kuizuia ekseli isiende mbele au nyuma. Ukichukua giaboksi ya kisasa yenye propela iliyo wazi, kisha ukakata bomba na kuacha springi ileile, ekseli itabaki haijashikwa na chochote cha maana. Utalazimika kuitengenezea mikono miwili ya kuishika kwa urefu, pamoja na kizuizi cha kuikataza isijizungushe unapokanyaga mafuta.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta giaboksi ya Ford ya kabla ya mwaka 1949, pamoja na kiunganishi cha kuifunga kwenye Chevrolet, na kubaki na bomba lako. Ya pili ni kuachana na ekseli hiyo na kuchukua ya lori dogo la Ford F-100 la mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye difu (gia za katikati ya ekseli) ya inchi 9, ambayo ni nzito lakini haivunjiki kirahisi. Tundu zake za bolti za rimu ni tano kwenye duara la inchi 5.5, sawasawa na ekseli yako ya mbele, kwa hiyo tairi moja la akiba litatosha pande zote. Ukichagua njia hii, mhimili wa nyuma wa giaboksi na ule wa difu uwe sambamba, na krosi zote mbili, yaani viungo vya ncha za propela, zipinde kidogo, digrii moja hadi tatu. Zikinyooka kabisa, beringi zake hazizunguki na zitajichimbia palepale zilipo.

JIBU LA TATU

Mimi nitatofautiana na wenzangu kidogo. Uza hiyo Chevrolet, utafute V8 ya Ford ya valvu za pembeni, yaani zilizo ndani ya bloku, si kichwani mwa injini. Hotirodi nyingi zilizokuwa zikikimbizwa kwenye maziwa makavu ya California kabla na baada ya vita vya pili vya dunia zilitembea kwa injini ya aina hiyo, iliyotoka mwaka 1932, na ukipata ya kabla ya 1949 itakaa na giaboksi ya Ford ya miaka hiyo na bomba lako bila kiunganishi chochote. Fedha utakayookoa kwenye viunganishi ni nyingi kuliko unavyodhani.

JIBU LA NNE

Hoja ya mwenzetu ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kuwa na injini hiyo nzima mkononi. Asiye nayo atakuta bloku nyingi zina nyufa. Moshi wa valvu za pembeni hupitishwa ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, na ndiyo maana injini hizo zilisifika kwa kuchemka. Huwezi kuujua ufa kwa macho. Bloku lazima isafishwe na kupimwa, na ukishalipia kipimo halafu ukaambiwa ni mbovu, akiba yote imekwenda. Chevrolet ya 283 ilitengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1957, na vipuri vyake bado vinapatikana. Ibakize.

Naomba niongeze habari za breki, ambazo naona hazijaguswa. Breki za ngoma za mwaka 1940 zinatosha gari jepesi zikiwa katika hali njema, lakini masta silinda yake, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, ni ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Funga ya njia mbili. Kwa kuwa itakaa chini ya sakafu, karibu usawa mmoja na magurudumu au chini yake, weka na valvu ya kubakiza shinikizo kwenye mabomba, takriban paundi 10 kwa kila inchi ya mraba kwa breki za ngoma na 2 kwa za diski. Vilevile, kipande chochote cha usukani kisikatwe na kuunganishwa kwa kuchomelea bandani. Nunua kilicho sahihi hata kama kitachelewesha kazi.

Geji za lori lako zilitengenezwa kwa volti 6. Ile ya mafuta haitavumilia volti 12 bila kipunguza umeme.

MUULIZAJI

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Jumamosi tuliweka bloku tupu kwenye fremu, na kwa kuwa distribyuta nilikuwa nayo niliichomeka. Kofia yake iligusa ukuta wakati rejeta imebakiwa na nafasi ya vidole viwili tu mbele ya pampu. Fundi alitazama kwa muda, akazima mashine ya kuchomelea, akaenda kutafuta chaki.

Nimeamua kubaki na Chevrolet na kuichukua ekseli ya F-100, ambayo nimeahidiwa kwa kubadilishana na ile yenye bomba. Ekseli ya mbele ya 1940 itabaki. Fedha iliyokuwa ya pistoni itakwenda kwenye masta silinda, mabamba ya fremu na boksi la usukani, na injini itafunikwa turubai hadi gari liweze kusukumwa na kusimama kwa breki zake lenyewe. Swali moja limebaki kwa mwenzetu wa kwanza: shimo lako la distribyuta ulilitengeneza kwa upana gani, na je, mkono ulipita kuzungusha distribyuta wakati wa kurekebisha moto, yaani muda wa cheche za plagi?

JIBU LA KWANZA

Mara ya kwanza haukupita. Pima kwa ngumi yako ikiwa imeshika spana, si kwa kofia ya distribyuta.